Vile Mtu Anasindikiza Baiskeli

Nyambura, mami,

Usicheke mwandiko. Unajua shule niliachia darasa la nne, na tangu hapo kalamu nashika tu nikiandika MALA IKO kwa kipande ya katoni, kuuza maziwa lala. Niko hapa dukani. Maziwa ya asubuhi imeisha, ya jioni haijafika, na wewe uko huko nyuma kwa ploti na baba yako mnafunga mizigo kwa baiskeli. Nasikia pampu ikilia fyuu, fyuu. Nasikia baba yako akikohoa ile kukohoa yake ya mtu hataki kuulizwa kitu.

Utasema, Mama, wewe unaongea kutoka kuche mpaka kuchwe, barua ni ya nini? Ni wewe ulinipea hiyo kazi. Ile siku tulikosana uliniambia, "Mama, watu wote wa hii Kitengela unawaambia kila kitu, lakini mimi huniambii kitu." Iliniuma kwa sababu ni ukweli. Nikianza kukuambia jambo ya maana naona machozi inakuja, naruka hapo, naingia kwa hadithi ya jirani, Mama Brayo. Sasa nimesema kwa karatasi Mama Brayo hataingia. Basi, ataingia kidogo.

Sitakuambia mambo ya sweta na maji ya kuchemsha. Hiyo baba yako amemaliza. Mambo ya wanaume dada yako Wambui amepiga simu kutoka Embulbul akakwambia mpaka simu ikaisha chaji. Mimi nataka tu kukuambia kwa nini nilisema ile neno nilisema, na kesho itakuwa aje.

Kwanza ujue hii safari yako ni mimi niliileta. Baba yako analaumu mtandao, pasta analaumu marafiki, lakini mimi najua. Ulikuwa mdogo, umefunga shule, unanisaidia kuosha vibuyu vya plastiki hapa nje. Wakapita wale wazungu wawili na baiskeli, mwanaume na mwanamke, wameungua pua mpaka inatoka maganda. Wazungu wa baiskeli hupita hii barabara ya Namanga kila wakati, sisi tunawaangalia tu kama vile tunaangalia twiga. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa nimekaa kutoka asubuhi bila habari mpya. Nikaita, "Karibu mala! Baridi! Kamu! Kamu!" Wakasimama.

Kizungu yangu iliishia hapo. Nikakusukuma mbele. "Uliza wanatoka wapi." Ukauliza. "Uliza wako na watoto." Ukauliza. "Uliza kama wanajua mama zao wanaendelea aje." Hiyo ulikataa, ulisema ni aibu. Nikakwambia, uliza! Ukauliza, na yule mwanamke akaweka glasi chini, akaangalia barabara mpaka mimi nikajuta. Halafu akasema kitu kidogo. Nikakwambia nieleze. Ukasema, "Anasema mama yake huwa anaangalia ramani."

Mimi nilicheka. Niliambia watu hiyo hadithi wiki nzima, ati huko kwao mtu anatafuta mtoto kwa ramani. Wewe hukucheka. Ulienda ukashika ile baiskeli, ukaangalia vile mifuko imefungwa pande mbili, ukauliza, "Na nyumba yenu iko wapi?" Wakakuonyesha. Nyumba ilikuwa kwa kariya ya nyuma, hema imekunjwa kama mkate. Niliona macho yako, mami. Kama ningenyamaza siku hiyo moja, saa hii ungekuwa karani mahali, umenona, unakuja Jumapili na mkate wa kununua. Lakini ni mimi huyu. Mtu akipita bila kuniambia anaenda wapi, silali.

Na hiyo tabia yangu watu wanasema ni ugonjwa. Mimi nilikuja Kitengela sijui mtu. Wakati huo hapa kulikuwa na nyumba chache na swara. Baba yako anatoka asubuhi na nyundo yake kwenda kujenga, mimi nabaki na upepo. Kuongea ndio ilinipa watu. Niliulizana maji, nikapata rafiki. Niliulizana njia ya posho-mili ya kusaga unga, nikapata biashara ya maziwa. Kwa hivyo huko unaenda, usione haya kuuliza watu mambo yao. Mtu hufurahi kuulizwa.

Lakini kuna mahali nilianguka na nataka ujue. Unakumbuka ile msimu ya mvua Mama Brayo hakununua kwangu maziwa hata kikombe? Wewe ulifikiria ni deni. Nilikuwa nimeona bwana yake asubuhi moja, amekaa nje na kaptura siku ya kazi, nikasema, huyu amefutwa. Nikasema kwa mtu mmoja tu. Unajua mtu mmoja wa Kitengela ni watu wangapi. Kumbe alikuwa likizo, alikuwa anangoja kwenda kufanyiwa operesheni na hawakutaka watu wajue. Nilimwona asubuhi moja tu, na nikajua maisha yake yote! Wewe sasa utapita kwa watu, kila mahali ni asubuhi moja, halafu unapanda baiskeli unaenda. Utawaona wamekaa nje na kaptura. Kumbuka bwana ya Mama Brayo.

Sasa nikuje kwa mambo ya nguo, kwa sababu hapo ndipo tuliharibu.

Wewe ulifanya ukifikiria ni usafi. Ulipeana kitanda, ukapeana redio, mimi nikavumilia. Halafu nikatoka hapa jioni kwenda kwa mfereji kuchota maji nikaona msichana wa Mama Brayo na sweta yako ya kijani. Nikaona wa pili na sketi yako ya kanisa. Nikaona hata mzee wa geti, Mungu nisamehe, amejifunga kichwa na kitambaa yako ya maua.  Kwetu Kinangop nguo za mtu zinagawanywa akishazikwa. Watu wanakaa kwa nyasi, wanaitwa mmoja mmoja, wewe shika koti, wewe shika viatu. Sijawahi ona nguo ya mtu mzima ikigawanywa na yeye mwenyewe anazunguka hapo na spana anapiga mluzi.

Ndio nikachukua gunia. Sikupanga, mguu ilienda tu. Nikapiga mlango kwa mlango.

"Mama Nyambura, jana nimepewa, leo nanyang'anywa?" Hiyo ni Mama Brayo.

"Si mimi nilikupea. Ni mtoto."

"Mtoto ni mtu mzima saa hii, anaenda dunia nzima! Na huyu wangu kesho avae nini kwa kwaya?"

"Avae ile alikuwa anavaa kabla Nyambura apange safari."

"Wewe mwanamke, siku utakufa tutaogopa hata kugawa sufuria zako, utarudi kuzichukua!"

Watu walicheka mpaka kwa barabara. Mimi nililia kwa gunia.

Nikakuja nayo nikaimwaga mbele yako kama mtu ameleta ushahidi kwa chifu. Na wewe hukukasirika, hiyo ndio ilikuwa mbaya. Ungenifokea ningefoka, tungemaliza. Ulikunja sweta polepole, ukasema, "Mama, nimebeba suruali mbili na hata hizo naona ni nyingi. Sijakufa." Halafu ukasema, "Kama siku ya kutoka utanisindikiza na hiyo kilio ya matanga, afadhali usinisindikize."

Na mimi na hii mdomo yangu nikasema, "Sawa. Sikusindikizi."

Unajua nilisema nini? Mimi, ambaye mtu akikuja kuomba chumvi namsindikiza mpaka geti, halafu yeye ananisindikiza kurudi mlangoni, halafu namrudisha geti, mpaka chakula inaungua kwa nyumba zote mbili! Mtu ya kusoma mita ya stima nilimsindikiza. Wewe ulikuwa ukinichungulia kwa dirisha ukisema, "Mama amepata mwingine." Mgeni hatoki kwangu peke yake. Na mtoto wangu nikamwambia atatoka peke yake.

 Baba yako alichukua kopo ya grisi akaenda kupaka cheni, cheni ambayo alikuwa amepaka jana yake.

Tangu hiyo siku tumekuwa tukiongea kama watu wa ofisi. Chai iko. Asante. Umekula? Nimekula. Mimi usiku nageuka upande hii, nageuka upande hii. Ndio Alhamisi nikafunga duka nikaenda Kajiado kwa Mama Sein, yule mama ananiletea maziwa. Ulifikiria nimeenda kulipia mitungi. Nilienda kwa sababu hapa kila mtu ninaweza kumwambia ameshajua, nilikuwa nataka mtu hajui.

Nilimkuta nje ya boma anaosha vibuyu na moshi. "Takwenya," nikamsalimia kwa Kimaasai, na yeye akaitika "Iko" halafu akaniangalia. "Wewe leo umekuja bila simu na bila mdomo. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa. Nyambura anaenda."

"Anaenda wapi?"

"Tanzania, halafu mbele, halafu mbele tena. Na baiskeli."

"Peke yake?"

"Peke yake."

Akafikiria. "Hiyo baiskeli inakula nyasi?"

"Haikuli."

"Basi huyo iko na raha. Vijana wangu walienda na ng'ombe mpaka Tanzania wakati ya kiangazi, kila mahali ni kupigania nyasi. Kitu haikuli inasumbua nani?" Halafu nikamwambia mambo ya nguo, na gunia. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Nyinyi Wakikuyu! Mtu akienda choo mnataka abebe gunia ya viazi! Sisi mtoto akitoka anabeba shuka na rungu. Akibeba nyumba yote, ng'ombe itamngoja?"

Nilimwachia acheke. Nikamwambia, "Na nimesema simsindikizi." Hapo akawacha kucheka. Akaniuliza, "Wewe ukitoka kwenu, mama yako alikusindikiza?"

Mami, hiyo hadithi unaijua, nimeisema hapa dukani mpaka maziwa yenyewe inaijua. Vile baba yako alikuja kunichukua Kinangop na pikapu ya kukodi. Vile nilijaza godoro, kuku, magunia, mpaka kinu ya shosho, bibi yangu, na mimi nikakaa juu kama malkia. Vile shangazi na majirani wote walitoka mpaka barabarani na nyimbo, na mama yangu peke yake akabaki kwa shamba akichimba viazi. Aliinua jembe tu, hivi, kama mtu anafukuza ndege. Halafu naiga vile aliinua, na watu wanacheka. Nilikuwa namwita huyo mama ya viazi. Nilisema, mtoto anaolewa, yeye anaona viazi ndio muhimu.

Nikamwambia Mama Sein hivyo hivyo, na kuinua mkono. Hakucheka. Aliendelea kusugua kibuyu yake. Akauliza, "Viazi inaharibika siku hiyo hiyo, kama maziwa?"

Nikasema, "Hapana. Viazi inaweza kukaa kwa mchanga."

"Hata wiki?"

"Hata zaidi."

Akasema "Ee," basi. Akaweka kibuyu kwa jua, akachukua ingine.

Nilikaa hapo kwa jiwe sikuweza kuongea, na wewe unajua mimi kukosa maneno ni kitu ya kupeleka hospitali. Miaka yote hiyo nimeuza hiyo hadithi, na hakuna mtu alikuwa ameniuliza viazi inaweza kungoja ama haiwezi. Hata mimi sikujiuliza. Viazi ilikuwa inaweza kungoja. Ni yeye hangeweza kufika barabara. Angefika hapo angeshika ile pikapu, na alijua. Mwanamke hakuwahi kulia mbele ya mtu, hata akizika bwana. Alishika jembe ndio apate kitu ya kushika.

Na wewe ndiye niliita jina yake. Kwetu mtoto akipewa jina anakuwa huyo mtu, ndio maana tangu unanyonya nakuita mami, na watu ambao si wa kwetu wanashangaa mwanamke mzima anaita mtoto mama. Una miguu yake. Unanyamaza kama yeye. Kwa hivyo unaona vile kesho iko kwangu. Mtoto wangu anatoka, na mama yangu pia anatoka, na hii mara ni mimi nabaki nikisimama kama mtoto ameachwa kwa geti. Nimeanza kukutamani na bado uko hapo nyuma unapiga pampu. Jana nilisikia ukiosha kikombe nikasema kwa roho, hiyo sauti ya kikombe nitaitafuta wapi?

Mama Sein alinisindikiza mpaka barabara kubwa. Nilingoja anipee kitu ya kukuletea, unajua vile watu hufanya. Nikamwambia, "Hata kibuyu kidogo?" Akasema, "Ataiweka wapi, kwa sikio?" Akasema nikuambie tu Enkai, Mungu wao, akulinde, hiyo haina uzito. Nilirudi Kitengela mikono mitupu, mara ya kwanza kwa maisha yangu.

Leo asubuhi nimerudisha nguo. Mama Brayo alifungua mlango akaweka mkono kiunoni. "Hii sketi imekuja ama inapita?" Nikamwambia imekuja, haitoki tena. Akaniangalia, akaniambia niingie chai, tukakaa bila kuongea juu ya mtu yeyote. Nimebaki na ile sweta ya kijani peke yake. Msichana nimemwahidi mpya sokoni. Hiyo wacha waniite mchawi, sitoi. Niliinusa. Haina harufu ya mtu ameenda, iko na harufu ya grisi.

Sasa ya kesho. Kesho nitakusindikiza.

Usiogope, si kwa gari na kwaya. Watu wa kanisa walitaka kukodi basi tukufuate tukiimba mpaka Isinya, nimekataa, na unajua kukataa basi ya bure kwangu ni kama kufunga chakula. Ni mimi na wewe. Usipande mara moja. Utasukuma baiskeli na mimi nitatembea upande ule mwingine, nishike kiti. Baba yako atabaki kwa geti kwa sababu amesema ndivyo anataka, usimlazimishe, yeye iko na jembe yake. Tutapita soko, tutapita pale wanauza mawe, mpaka nyumba ziishe na ianze nyasi na waya. Nikikutana na mtu wa kusalimia sitasimama. Nikisimama, nivute.

Njiani sitaongea kama hutaki. Nikilia ni macho tu, usisikize. Na tukifika hapo hatutaanza ile yetu ya kurudishana, wewe unanirudisha, mimi nakurudisha, kwa sababu ikianza hivyo utafika Namanga ukiwa mzee. Hapo utapanda. Mimi ndio nitawacha kiti.

Mama yangu alikuja hapa mara moja tu, kukuona wakati ulizaliwa. Alikubeba akatoka nje, akaangalia hii tambarare mpaka milima, akasema, "Huku mtu akienda anaonekana siku nzima." Nilifikiria anasema ni pabaya, hakuna miti. Huko kwetu ukungu unameza mtu kabla afike kona, unabaki unaangalia mahali alikuwa. Huku hakuna kona. Huku mtu akienda unamwona akiwa mtu, halafu akiwa mkubwa kama mbuzi, halafu kama kuku, halafu unabishana na macho yako kama ni yeye ama ni jiwe. Mimi nitabishana. Nitasimama hapo mpaka nishindwe, halafu nirudi nifungue duka, kwa sababu maziwa haingoji.

Kitu moja tu naomba, na si nguo, si chakula. Siku ya kwanza usinipigie simu. Najua utafika Kajiado utaona mtandao iko na roho itakwambia, wacha nimwambie Mama nimefika. Usiniambie. Siku ya pili piga, piga kila siku, nitakwambia habari za ploti mpaka ulale. Lakini hiyo ya kwanza niachie. Wacha nikumisi vizuri.

Mimi,
mama yako, na mtoto wako.